Nani Afungue Mlango wa Ndege?

Ukiwa kwenye daladala ya Mbagala saa nane mchana, gari limejaa, foleni imegoma na jasho limeshafika kwenye soksi, bado una neno moja la kujiokoa: "Shusha!" Konda atakunja uso, atakwambia hapa si kituo, lakini akiona umedhamiria atagonga bati na mlango utafunguka. Nauli yenyewe ni mia kadhaa tu. Ndani ya ndege, ambako tiketi inaweza kula nusu ya mshahara wa mtu, neno hilo halifanyi kazi. Mlango ukishafungwa, wewe ni mgeni wa watu wengine mpaka waamue.

Februari moja nilikaa namna hiyo Dar es Salaam, safari ya mchana ya kwenda Kanda ya Ziwa, kiti cha nyuma karibu na choo. Shirika sitalitaja. Abiria tulikuwa tumekamilika, mizigo imepakiwa, mlango umefungwa, na ndege imetulia tuli kwenye maegesho kama basi lililosahauliwa gereji. Vile vitundu vya juu vilikuwa vinatoa hewa, siwezi kusema havikutoa, ila ilikuwa hewa ya uvuguvugu kama pumzi ya mtu mwenye homa. Kando yangu aliketi bibi mmoja aliyejitanda kanga mbili. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akachomoa ile kadi ya maelekezo ya usalama kwenye mfuko wa kiti na kuanza kujipepea. Kadi yenyewe ina picha za watu wakitoka ndani ya ndege kwa haraka, wameacha mabegi yao, wanateleza kwenye mitelezo ya kujazwa hewa. Yeye aliigeuza pepeo.

"Mwanangu, hawa wanasubiri nini?"

Sikuwa na jibu. Kila baada ya dakika 15 hivi sauti ilitangaza kwamba wanaomba radhi kwa usumbufu na kwamba tutaondoka muda si mrefu. Nilimwomba mhudumu maji ya bibi. Shati lake lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho, lakini tabasamu alikuwa nalo. "Samahani kaka, bado hatujaruhusiwa kuanza huduma." Nani hajaruhusu? Hakusema, na nadhani hata yeye hakujua vizuri. Tulikaa saa 1 na dakika 10.

Nimesimulia hili kwa sababu kila habari ya namna hii inapotoka, iwe Marekani, Ugiriki au India, mjadala huishia kwenye hali ya hewa. Dunia imepata joto, basi tuvumilie. Mimi sikubaliani. Jua ni la Mungu, lakini mlango uliofungwa una mtu aliyeamua ufungwe, na kuna sababu za kazi na za fedha zinazomfanya asiufungue. Hizo ndizo zinazostahili kuchambuliwa.

Tuanze na mashine, maana watu wengi hudhani kiyoyozi cha ndege ni kama cha nyumbani, kwamba ukibonyeza kinawaka. Ndege nyingi za abiria hupata hewa yao kutoka kwenye injini. Injini kubwa zikizimwa uwanjani, kazi hiyo hufanywa na injini ndogo iliyofichwa mkiani, ile ambayo ukisimama nyuma ya ndege unaisikia ikivuma. Nayo inakunywa mafuta, zaidi ya kilo 100 kwa saa kwa ndege za ukubwa wa Boeing 737 au Airbus A320. Kwa hiyo mashirika huwahimiza marubani wachelewe kuiwasha, na baadhi ya viwanja vinaibana kwa ajili ya kelele na moshi. Badala yake kuna bomba nene la kitambaa linalotoka kwenye jengo au kwenye gari maalumu, linachomekwa tumboni mwa ndege na kusukuma hewa baridi. Bomba likiwepo na likiwa zima, mambo ni mazuri. Lisipokuwepo, tunarudi kwenye ile injini ya mkiani, na hapa kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui: ndege inaruhusiwa kuendelea kuruka kwa siku kadhaa hata kama injini hiyo ni mbovu, mradi masharti fulani yafuatwe. Angani haina kazi kubwa. Wanaoteseka ni waliokaa chini.

Sasa weka watu humo ndani. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Abiria 150 ni wati 15,000, sawa na kuwasha pasi za umeme 15 ndani ya bomba la bati lililoanikwa juani, kisha ukafunga milango. Hewa ikishafikia joto la ngozi, nyuzijoto 35 hivi, mwili unabaki na njia moja tu ya kujipoza, yaani jasho likauke. Na jasho halikauki pale ambapo hewa tayari imejaa unyevu wa pumzi za watu 150. Watu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar hawahitaji kufundishwa hili. Nyuzijoto 33 za Februari pwani si sawa na nyuzijoto 33 za Dodoma.

Wala miili hailingani. Mtoto mchanga hupata joto haraka kuliko mtu mzima, na hawezi kusema. Mzee anayetumia vidonge vya presha vile vya kukojoza huanza safari akiwa na maji pungufu mwilini. Mjamzito anabeba joto la wawili. Halafu kuna wagonjwa wa selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo: kwao kukaukiwa maji kunaweza kuamsha maumivu yatakayowalaza hospitali. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzijoto 40, na mtu akaanza kuongea asivyojielewa, hapo hatuongelei tena usumbufu wa kuombewa radhi.

Tarehe 20 Juni 2017, mjini Phoenix, Arizona, ilitabiriwa joto lingefika nyuzijoto 49. American Airlines ilifuta safari zaidi ya 40 za ndege ndogo aina ya CRJ, kwa sababu vitabu vya ndege hizo vinasema mwisho wake ni nyuzijoto 48. Joto linapopanda hewa inakuwa nyepesi, mabawa yanapata mshiko mdogo, injini nazo zinapungua nguvu, na mtengenezaji alishaandika namba ya mwisho, zaidi ya hapo hajapima. Hakuna aliyebishana. Hakuna meneja aliyesema tujaribu tuone. Namba imeandikwa, ndege haziruki, basi. Ndege za Airbus na Boeing, ambazo vikomo vyao viko juu zaidi, ziliendelea na kazi.

Ndege ina namba yake, abiria hana. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote ninayoandika hapa yanazunguka hapo.

Kuna namba alizonazo abiria, lakini si za joto, ni za saa. Zilipatikana kwa machozi. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 2009, ndege ndogo ya Continental Express iliyokuwa ikitoka Houston kwenda Minneapolis ilikwepa dhoruba ikatua Rochester, Minnesota, ikiwa na abiria 47. Walikaa humo ndani karibu saa 6 usiku kucha, watoto wakilia, choo kikinuka, na jengo la abiria wakiliona dirishani, mwendo wa mtu kwenda kununua vocha. Rubani aliomba mara kadhaa waruhusiwe kuingia. Mfanyakazi wa shirika jingine, lililokuwa na watu wake uwanjani hapo, alimjibu kwamba haiwezekani kwa kuwa wakaguzi wa usalama wameshaondoka, jambo ambalo halikuwa kweli: abiria wangeweza kukaa ndani ya eneo lililokwisha kukaguliwa. Mwezi Novemba Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliyatoza mashirika matatu jumla ya dola 175,000, na ikasema rubani na wenzake hawakuwa na kosa.

Miezi michache baadaye, tarehe 29 Aprili 2010, sheria ilianza kazi. Safari ya ndani haiwezi kumweka abiria chini zaidi ya saa 3 bila kumpa nafasi ya kushuka. Kufikia saa 2 apewe chakula na maji, choo kifanye kazi, mgonjwa ahudumiwe. Faini ilikuwa hadi dola 27,500 kwa kila abiria. Piga hesabu kwa ndege ya watu 150, unapata zaidi ya dola milioni 4. Mashirika yalilalamika kwamba anga itavurugika, halafu yakajifunza haraka mno: ucheleweshaji wa zaidi ya saa 3 ulikuwa 693 katika miezi 12 kabla ya sheria, na 20 katika miezi 12 iliyofuata. Wakaguzi wa serikali walikuja kugundua pia kwamba safari zilizofutwa ziliongezeka, kwani shirika likiona muda unakwisha huona bora lifute kuliko kulipa. Sipuuzi gharama hiyo. Kulala Chicago kwenye sakafu ya uwanja si raha. Ila angalia 693 ikigeuka 20, kisha uniambie tena kwamba utamaduni wa mashirika haubadiliki.

Tatizo ni kwamba sheria ile ilihesabu dakika, na kilichopimwa ndicho kilichosimamiwa. Tarehe 17 Julai 2023 ndege ya Delta ilijaa abiria Las Vegas, safari ya Atlanta, nje kukiwa na nyuzijoto 44. Watu walizimia. Wengine walitolewa kwa machela. Walisimulia kwamba waliambiwa anayetaka kushuka ashuke, lakini huenda akangoja siku kadhaa kupata nafasi nyingine. Safari ilifutwa, shirika likaomba radhi, na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Pete Buttigieg, akatangaza kwamba wizara yake itachunguza. Zingatia hilo la kushuka. Kwenye karatasi mlango ulikuwa wazi. Lakini mama mwenye watoto wawili, anayeambiwa akitoka hajui ataondoka lini, hajapewa uhuru wowote. Ametishwa kwa adabu.

Na saa 3 ni nyingi mno kwa joto. Ni muda uliowekwa na watu waliokuwa wanafikiria theluji, foleni na njaa. Februari 2007 maelfu ya abiria wa JetBlue walikwama New York kwa barafu, na picha hizo ndizo zilizokuwa vichwani mwa waliotunga sheria. Mwenye baridi huongezwa blanketi. Mwenye joto akishavua koti na kufungua vifungo viwili, hana kingine cha kuvua, isipokuwa kama wale wa Athens: Juni 2024 ndege ya Qatar Airways ya kwenda Doha ilikaa chini zaidi ya saa 3 bila kiyoyozi, na video ziliwaonyesha wanaume wamevua mashati, kila mtu anajipepea. Njia ya Doha tunaijua. Dada zetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, mahujaji, wafanyabiashara wa Guangzhou, wote wanapita huko au Dubai au Muscat, na msimu mbaya wa joto huko ni Juni hadi Agosti, ambao kwetu ni wa kipupwe. Mtu anaondoka Arusha amevaa sweta.

Kanada walijifunza kwa njia yao. Tarehe 31 Julai 2017 dhoruba ilizielekeza Ottawa ndege mbili za Air Transat zilizokuwa zinakwenda Montreal, moja ikitoka Brussels, nyingine Roma. Uwanja ulikuwa umejaa ndege zilizokimbia dhoruba, na gari la mafuta halikuweza kuwafikia wote. Ile ya Brussels ilikaa karibu saa 6. Haikuwa siku ya joto la kutisha. Ila mafuta yaliisha, umeme ukakatika, kiyoyozi kikazima, na kile nilichosema kuhusu pasi 15 kikaanza kazi yake. Mtoto alitapika. Mwishowe abiria mmoja alipiga simu 911, namba ya dharura, akiwa ndani ya ndege iliyoegeshwa kwenye uwanja wa mji mkuu. Soma tena sentensi hiyo. Watu walikuwa na rubani, wahudumu, mnara wa kuongozea ndege, ofisi ya shirika na mamlaka ya uwanja, na aliyewafikia ni zimamoto.

Kanuni za shirika hilo zilikuwa zinasema kwamba baada ya dakika 90 abiria wangeweza kupewa nafasi ya kushuka, rubani akiruhusu. Wakala wa Usafirishaji wa Kanada ulipowaita wahusika, marubani walieleza kuwa walikuwa wakiamini mafuta yangefika wakati wowote. Uwanja ulisema ngazi na mabasi vilikuwepo. Shirika likasema lake. Kilichosimuliwa na wafanyakazi kuhusu hali ya ndani na kilichosimuliwa na abiria havikuelekea kuwa vya ndege moja. Faini ilikuwa dola za Kanada 295,000, na mwaka 2019 nchi hiyo ikatoa kanuni zinazotaja waziwazi, pamoja na choo na chakula, hewa ya kutosha na ubaridi au joto linalofaa. Ni hatua. Lakini "linalofaa" ni kwa kipimo cha nani?

Ukilinganisha Rochester na Ottawa unaona kitu. Rochester rubani alijua na alitaka, akazuiwa na mtu wa uwanjani. Ottawa rubani alikuwa na uwezo, ila aliishi kwa matumaini ya dakika 20 zijazo, kisha 20 nyingine. Hii ya pili ndiyo ninayoiona mara nyingi. Chumba cha rubani kina mgawo wake wa hewa, na ndege nyingi zina madirisha ya rubani yanayofunguka zikiwa chini. Kule mbele kuna watu wawili, nyuma 150. Anayelisikia joto hana mamlaka, mwenye mamlaka halisikii. Katikati yao yuko mhudumu mwenye shati lililolowa, na swali la maana ni kama huyo ataichukua ile simu ya ukutani na kusema: "Kapteni, huku nyuma watu wanaumwa."

Kwa nini asiseme? Kwanza kuna ukubwa na udogo. Baada ya ajali kadhaa za miaka ya 1970, sekta ya anga ilianza kuwafundisha marubani wasaidizi kumkosoa kapteni, na mafunzo hayo yameokoa maisha mengi sana. Lakini yalianzia chumba cha mbele na yalilenga ndege isianguke. Joto la abiria uwanjani halikuonekana kama usalama, lilionekana kama huduma, kwenye kapu moja na nyama au kuku. Ndiyo maana lugha yake ni "tunaomba radhi kwa usumbufu." Neno usumbufu linafaa kwa koti lililomwagikiwa juisi.

Pili kuna saa. Ripoti za safari kuondoka kwa wakati huangalia dakika ambayo ndege iliondoka kwenye maegesho, si dakika iliyopaa. Ndege iliyofunga mlango kwa wakati, ikasukumwa nyuma, ikasimama saa nzima kwenye njia ya kuelekea kurukia, kwenye karatasi imeondoka kwa wakati. Ulaya, shirika likipewa nafasi ya kupaa lina dirisha dogo la dakika, tano kabla na kumi baada, kwa hiyo rubani hupenda kuwa na abiria wote ndani, milango imefungwa, ili nafasi ya mapema ikijitokeza aikamate. Marekani, kwa miaka mingi, wahudumu wengi walilipwa kuanzia mlango unapofungwa. Mwaka 2022 Delta ilianza kuwalipa nusu ya kiwango wakati abiria wanapanda, na ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa wengine walikuwa hawajawahi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye ni mtu mbaya. Ila jumlisha: shirika linapata alama mlango ukifungwa, rubani anapata nafasi kwenye foleni, mhudumu anaanza kuhesabiwa mshahara kamili. Wa kutaka ufunguke ni abiria peke yake, naye hana mkono kwenye kitasa.

Haki ya upande wa pili isemwe. Kurudisha ndege getini si jambo la kugeuza usukani. Huenda geti limeshachukuliwa. Ukishuka, begi lako lazima litafutwe tumboni mwa ndege na litolewe, maana tangu bomu lililofichwa ndani ya begi lilipolipua ndege juu ya Lockerbie, Scotland, mwaka 1988, begi kusafiri bila mwenyewe ni mwiko. Marubani nao wana kikomo cha saa za kazi, wakirudi wanaweza kuishiwa muda na safari ikafa kabisa. Nayajua hayo. Lakini si kila mara jawabu ni kurudi getini. Tukiwa bado kwenye maegesho siku ile ya Februari, ngazi ya nyuma ilikuwa mita chache tu kutoka mkiani, niliiona dirishani. Mlango ungefunguliwa, upepo wa Kipawa ungeingia. Maji yangegawiwa. Vifuniko vya madirisha vingeteremshwa upande wa jua. Hayo hayahitaji kibali cha Umoja wa Mataifa.

Kwetu ndege nyingi za safari fupi ni za pangaboi. ATR, ambayo imezoeleka sana katika viwanja vyetu, haina ile injini ndogo ya mkiani. Ikiwa chini, injini ya kulia inaweza kuwashwa huku pangaboi lake limefungwa breki, itoe umeme na hewa, nayo inakula mafuta. Cessna za watu 12 za kwenda Zanzibar na Mafia hazina hata hicho, ila huko rubani anakaa kwenye joto lilelile na wewe, mgongo wake unauona, na sijawahi kumwona akichelewa kuondoka bila sababu. Nadhani hapo kuna somo ambalo halihitaji semina.

Ajabu ni kwamba mahakama zimeshatambua kwamba kutotenda kwa mhudumu kunaweza kuhesabiwa kisheria kuwa ajali, ambayo shirika huwajibika nayo. Mwaka 1998, kwenye ndege ya Olympic Airways iliyokuwa inakwenda Marekani, mke wa daktari mwenye pumu aliomba mara tatu mumewe ahamishwe mbali na wavuta sigara. Mhudumu alisema ndege imejaa. Haikuwa imejaa, viti 11 vilikuwa vitupu. Daktari alifariki safarini. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba kukataa kule kulikuwa ajali kwa maana ya mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Mkataba uliofuata, wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, umeendeleza neno lilelile, ajali, kwa safari za kimataifa. Wakili mzuri wa Dar au Nairobi angeweza kufanya kitu na hilo. Lakini hukumu huja baada ya mazishi, na mimi nataka maji kabla.

Kwa hiyo nataka namba. Chama cha wahudumu wa ndege cha Marekani kilianza kampeni mwaka 2018, kikawagawia wanachama vipimajoto vidogo na programu ya simu ya kuripoti ndege iliyozidi joto au baridi, kikaiomba serikali iweke kikomo cha karibu nyuzijoto 27 ndege ikiwa chini. Ni wahudumu walioomba, si abiria, na hilo linanipa moyo, maana ni wao wanaokaa humo safari nne kwa siku. Kwa pwani yetu 27 inaweza kuwa ndoto mchana wa Februari. Basi iwe 30. Iwe 32 kwa kuanzia, kinachonihusu ni iwepo: ikipita hapo kwa dakika 20 ndege ikiwa chini, maji yagawiwe bila kusubiri ruhusa, na ikipita dakika 40 mlango ufunguliwe au watu washushwe, bila mtu kupoteza nafasi yake. Na mwenye kutamka iwe mhudumu mkuu wa nyuma, kapteni akitaka kukataa aandike sababu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania inaweza kuliandika hilo, na Baraza la Ushauri la Watumiaji linaloangalia maslahi ya abiria linaweza kulidai kabla ya Februari ijayo. Kipimajoto chenyewe bei yake ni ya chupa mbili tatu za maji pale uwanjani.

Mpaka hapo, ukikwama usiseme "kuna joto". Joto linapokelewa kwa tabasamu. Sema "naumwa", au "mama huyu anaumwa", taja kizunguzungu, taja kichefuchefu, omba kapteni ajulishwe. Neno ugonjwa lina utaratibu wake ndani ya ndege, joto halina. Ndivyo bibi yangu alivyopata maji siku ile, nilipobadilisha neno. Yalikuja kwenye kikombe kidogo cha plastiki, ya vuguvugu, na alimpa nusu mtoto wa kiti cha mbele.

Siku hizi natembea na kipimajoto begini. Safari yangu ya mwisho, ndege ikiwa imeegeshwa, kilisoma 31 tulipoketi na 35 baada ya nusu saa mlango ukiwa umefungwa. Nilipiga picha zote mbili, nikaziambatanisha kwenye barua pepe kwa shirika, na namba ya safari, kiti na muda. Majibu yalikuja siku ileile, siwezi kusema walichelewa. Yalinishukuru kwa kusafiri nao na kunikumbusha kwamba nina pointi 240 kwenye akaunti yangu.